Swichi Huzijua Jirani Zake



Mtandao wa ofisi ya umma ukikatika, anayeumia kwanza ni mwananchi aliye kwenye foleni: mgonjwa anayesubiri kulipia dawa, mfanyabiashara anayetaka leseni. Huenda tatizo ni waya mmoja tu. Kinachokula muda ni kuutafuta, hasa ikiwa aliyeuunganisha alihamishwa bila kuacha mchoro.

Vifaa vyenyewe vyaweza kuutoa mchoro huo. Tangu 2005 kuna itifaki iitwayo LLDP. Ikiwashwa, kwa kawaida kila sekunde 30 swichi hujitambulisha kwa kifaa kilichoungana nayo: jina lake na tundu lililotumika. Kifaa hicho huandika habari hizo katika jedwali, na swichi ikinyamaza kwa sekunde 120, huzifuta.

Kupitia itifaki ya SNMP, programu fupi husoma jedwali la swichi moja, ikapata jirani zake, kisha ikaziuliza hizo nazo, mpaka mtandao wote umechorwa. Mchoro wa leo ukilinganishwa na wa jana, fundi aliye Kerugoya hujua ni tundu gani la kuangalia Kianyaga kabla ya kupanda matatu.

Lakini kinachomjibu fundi humjibu mwizi pia. Matoleo ya awali ya SNMP hupitisha nenosiri bila kulificha, na vifaa vingi huja na neno “public”. Libadilishwe. Toleo la 3, lenye usimbaji, litumike. LLDP izimwe kwenye matundu yanayofikiwa na umma.