Kuni za Lori na Haki ya Kipimo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wazazi wetu, ndugu zangu vijana, leo nataka tuzungumze juu ya kuni. Naona wengine wanacheka. Lakini mwezi huu mtukufu misikiti mingi inapika futari kwa pesa za sadaka, na baada ya Idi harusi zitaanza, na sufuria kubwa za pilau bado ni za kuni. Kuni hizo zinanunuliwa kwa lori. Sasa, lori ni kipimo gani?

Muuzaji atakwambia, "Gari limejaa." Limejaa nini? Kuni zikipangwa vizuri, ubavu kwa ubavu, yapata theluthi mbili ya nafasi ni mti, iliyobaki ni hewa. Hiyo ni kawaida, hakuna lawama. Zikitupwa ovyo hewa inazidi. Na wako wanaopanga magogo yaliyonyooka pembeni na juu, huku katikati wamekingamanisha matawi yaliyopinda mpaka pamekuwa pango. Chukulia bodi ina urefu wa mita 5, upana mita 2, na kuni zina kimo cha mita 1. Hizo ni mita za ujazo 10. Pango la mita 2 kwa 1 kwa nusu mita ni mita 1 ya ujazo. Ikiwa mzigo ni shilingi 20,000, mmeuziwa upepo wa shilingi 2,000, tena kwa pesa za futari ya mayatima.

Mtasema, basi tupime kwa kilo. Kilo nayo ina mlango wake wa nyuma. Mti uliokatwa juzi, nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Unalipia maji, kisha wapishi wanalia moshi hadi Magharibi.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikapata unyevu. Mwenyewe akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka ile iliyorowa juu, watu waione. Halafu likaja lile onyo kali juu ya mwenye kughushi. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim. Mimi hupenda hilo swali. Hakuambiwa atupe mali yake, aliulizwa kwa nini ameificha. Basi mwenye kuni mbichi aseme ni mbichi, auze kwa bei ya mbichi.

Wala sharia haikukataza kuuza rundo kwa macho bila kupima, maadamu wote wawili wameliona. Lakini wanavyuoni wetu wa Kishafii wamesema, rundo likiwa juu ya tuta na mnunuzi hajui, akigundua ana khiyari ya kuvunja biashara. Pango ndani ya lori si tuta hilohilo?

Ila tusimsute muuzaji peke yake. Suratul Mutaffifin inamtaja anayejipimia kwa ukamilifu na kuwapunja wengine akiwapimia. Sisi wanunuzi tumo! Wako mabroka wanaoingia vijijini, wanamwambia mama aliyekata kuni, "ongeza kidogo, ongeza tena," rundo linapita kimo walichopatana, bei ni ileile. Yule mama hana tepu wala wa kumsemea. Wakifika mjini wanazitandaza hizohizo kuni zionekane nyingi. Kwa maoni yangu huyu ni mbaya kuliko mwenye pango, maana amepunja pande mbili.

Kwa hivyo kamati zetu zipatane mapema: kuni zipangwe chini kabla ya kulipa, zipimwe urefu, upana na kimo, na gogo moja la katikati lipasuliwe tuone ukavu wake. Dereva alipwe muda wake wa kungoja, naye ana haki. Leo baada ya Alasiri kuna gari linashusha nyuma ya msikiti. Tepu ninayo. Nataka vijana wanne.

Wabillahi tawfiq.