Alhamisi ya Kushukuru na Ijumaa ya Kununua

(Maneno ya mazungumzo juu ya mambo aliyoyaona mgeni katika nchi ya Marekani)



Wazee husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tena mgeni huja na macho yake, akayaona mambo ambayo mwenyeji ameyazoea hata hayatazami tena. Habari hii ni ya kijana mmoja wa Kenya aliyekwenda kusoma Marekani. Wengi wamekwenda huko tangu mwaka wa 1959, wakati ndege iliyopatikana kwa jitihada za Bwana Tom Mboya ilipowachukua wanafunzi 81. Huyu alikwenda miaka mingi baadaye. Siku mbili za mwezi wa Novemba zilimfundisha jambo ambalo halikuwamo vitabuni mwake.

Siku ya kwanza ilikuwa Alhamisi ya nne ya mwezi huo, ambayo Wamarekani huifanya sikukuu ya Kushukuru. Asili yake husimuliwa hivi. Mwaka wa 1620 Waingereza wapatao mia moja walifika kwa merikebu mahali paitwapo Plymouth, na kabla majira ya baridi hayajaisha, karibu nusu yao walikuwa wamekufa. Waliosalia walifundishwa kupanda mahindi na mwenyeji mmoja, jina lake Tisquantum. Mavuno ya mwaka wa 1621 yalipokuwa mema walifanya karamu ya siku tatu, na wenyeji wa kabila la Wampanoag wapatao 90 wakala pamoja nao. Baadaye wenyeji hao walinyang'anywa nchi yao. Kwa hiyo tangu mwaka wa 1970 baadhi ya wazao wao hukutana Plymouth siku iyo hiyo kwa maombolezo. Rais Abraham Lincoln ndiye aliyetangaza, mwaka wa 1863, ya kuwa taifa zima lishukuru pamoja.

Kijana alialikwa na mzee mmoja na mkewe. Jambo la kwanza lililomshangaza lilikuwa ukimya. Kwao sikukuu husikika kabla ya kuonekana: ngoma, nyimbo, watoto wakikimbia, jirani akipiga hodi huku amekwisha ingia. Huku njia zilikuwa tupu na maduka mengi yamefungwa; furaha yote ilikuwa ndani ya nyumba. Mezani palikuwa na batamzinga mzima aliyeokwa, viazi vitamu, mahindi, mchuzi wa matunda madogo mekundu yenye ukali, na mkate mtamu wa maboga. Viazi vitamu na maboga alivijua tangu utoto wake, wala hakudhani ya kuwa angevikuta katika karamu kubwa ya nchi tajiri kama ile. Kabla ya kula, kila mtu alitaja jambo moja analolishukuru. Zamu yake ilipofika, alimtaja mama yake, aliyeuza ng'ombe ili mwanawe apate nauli.

Usiku haujaisha, wenzake wa chuoni walikuja kumchukua. Siku inayofuata huitwa Ijumaa Nyeusi. Jina hilo lilitumiwa na askari polisi wa mji wa Philadelphia katika miaka ya 1950 na 1960, kwa kuwa walichoshwa na msongamano wa watu na motokaa. Wenye maduka hawakulipenda. Baadaye likafasiriwa upya, ikasemwa kuwa ni siku hesabu zao zinapotoka katika wino mwekundu wa hasara na kuingia katika wino mweusi wa faida.

Nguvu za wenye maduka juu ya sikukuu hii si za jana. Novemba ya mwaka wa 1939 ilikuwa na Alhamisi tano, na sikukuu ingeangukia tarehe 30. Wafanya biashara walilalamika ya kuwa siku za kununua vitu vya Krismasi zingekuwa chache, na Rais Franklin Roosevelt akaileta sikukuu mbele juma moja, ikawa tarehe 23. Majimbo mengine yalikubali, mengine yalikataa, na watu wa taifa moja wakashukuru siku mbalimbali, mpaka sheria ya mwaka wa 1941 ilipoiweka Alhamisi ya nne.

Basi kijana alisimama mstarini gizani, baridi ikimuuma masikio. Kusimama huko si mchezo. Mwaka wa 2008, huko Valley Stream karibu na mji wa New York, umati wa watu wapatao 2,000 ulivunja milango ya duka alfajiri, ukamkanyaga mfanya kazi mmoja hata akafa. Methali husema, "Tamaa mbele, mauti nyuma". Lakini siku ile mauti hayakumfika mwenye tamaa, yalimfika aliyewekwa mlangoni.

Vitu vilivyopunguzwa bei kabisa vilikuwa vichache, navyo vilikwisha kabla kijana hajaingia. Vilivyobaki vilikuwa na bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari mwekundu, na bei mpya chini yake. Jicho likishughulika kulinganisha bei mbili, moyo husahau kuuliza kama kitu chenyewe kinatakiwa. Alichagua pasi ya umeme na mashine ya kusagia matunda, zawadi za mama yake. Wakati wa kulipa akaona hesabu imezidi, maana katika majimbo mengi ya huko kodi huongezwa juu ya bei iliyoandikwa. Alilipa kwa fedha alizokuwa amewekea karo ya dada yake. Januari ilipofika karo ilipelekwa pungufu, na binti akakaa nyumbani majuma matatu.

Mwaka uliofuata alikwenda likizo na zawadi zake. Umeme wa majumbani Marekani ni wa volti 120, na wa Kenya ni volti 240. Pasi ilipowashwa ilitoa moshi, ikafa. Mashine nayo hivyo hivyo. Mama hakumlaumu. Aliuliza tu zilinunuliwa bei gani, na alipotajiwa dola akazigeuza shilingi kichwani, akanyamaza.

Leo soko hilo limevuka bahari. Hata Nairobi maduka hutangaza Ijumaa hiyo kila Novemba, ingawa Alhamisi yake haikuja pamoja nayo. Si vibaya kununua kitu bei inaposhuka. Mwenye kuhitaji blanketi na akalipata kwa nusu ya bei amefanya akili. Lakini kabla ya kufungua mfuko na ajiulize: Je, kitu hiki nilikitaka jana, kabla sijaiona bei yake? Je, kitafanya kazi nyumbani kwangu? Na fedha hizi, zilikuwa za nani?

Yule kijana alipata majibu yote matatu, lakini aliyapata nyumbani, mbele ya mama yake.