Chakula na Kazi: Makasia Mawili ya Mwili

Haya ni maneno ya hotuba juu ya afya, iliyotolewa mbele ya baraza la wakulima, akina mama na watumishi wa mjini.



Leo nataka kunena nanyi juu ya kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ndicho kiamuacho kama mtu ataamka na nguvu au ataamka mnyonge. Kama vile nyumba ijengwavyo kwa matofali, mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai, ambazo wataalamu huziita seli. Katika mwili wa mtu mzima chembe hizi hukadiriwa kuwa trilioni 30 au zaidi, na karibu zote hazionekani ila kwa darubini.

Lakini tofali likisha kutiwa ukutani hukaa vile vile miaka mingi. Chembe hai sivyo zilivyo. Hula, hufanya kazi, na nyingi huchakaa na kufa, zikazaliwa nyingine mahali pake. Chembe nyekundu ya damu, mathalani, huishi kama siku 120 tu.

Neno langu la leo ni hili: chembe hizo hujengwa kwa kile tulacho, nazo hufuata kazi tunayozipa. Mambo haya mawili ni kama makasia mawili ya mtumbwi mmoja. Ukivuta kasia moja tu, mtumbwi huzunguka pale pale.

Na tuanze na chakula. Viko vyakula vya kutia nguvu, kama ugali, viazi na ndizi. Viko vya kujenga mwili, kama maharagwe, maziwa, mayai, nyama, samaki na omena. Na viko vya kuulinda, yaani mboga za majani na matunda. Watu wengi hushiba vile vya kwanza, wakadhani wamekula.

Tutazame damu. Kazi ya chembe nyekundu ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini mwote, na haziwezi kazi hiyo bila madini ya chuma. Madini hayo yakipungua, mtu hushika jembe, lakini baada ya matuta machache huhema na kuona kizunguzungu. Majirani husema ni mvivu. Kumbe damu yake ndiyo iliyopungua. Jambo hili huwapata sana wanawake, kwa sababu ya hedhi na kuchukua mimba. Malaria na minyoo pia hupunguza damu, kwa hiyo mwenye dalili hizo hana budi kwenda zahanati akapimwe.

Chuma kilichomo katika maharagwe na mboga huingia damuni kwa shida kuliko kile cha nyama na samaki. Chungwa, pera au maji ya limau pamoja na chakula hukisaidia kuingia, chai hukizuia. Basi mwenye kula maharagwe yake na kuyateremshia kwa chai hupoteza sehemu ya faida aliyoinunua. Chai ingoje kama saa moja. Dawa hii haina gharama.

Tena tusidharau vyakula vya wazee wetu. Mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja ni chakula cha akili nyingi, kwa maana protini ya mahindi ina upungufu ambao maharagwe huujaza, na ya maharagwe ina upungufu ambao mahindi huujaza.

Sasa kasia la pili, ndilo kazi ya viungo. Ndani ya chembe za misuli mna vinu vidogo sana viitwavyo mitokondria. Vinu hivi hutumia oksijeni kukigeuza chakula kuwa nguvu. Mwaka 1967 mtaalamu mmoja wa Marekani, John Holloszy, alionyesha kwamba panya waliozoezwa kukimbia walipata misuli yenye uwezo wa kutumia oksijeni kama mara mbili ya wale wasiozoezwa. Baadaye ilionekana kwamba misuli ya binadamu nayo huongeza vinu vyake kwa mazoezi. Kinyume chake mmekiona wenyewe: mguu uliofungwa plasta kwa majuma machache hutoka mwembamba.

Faida nyingine ni juu ya sukari. Tukisha kula, sukari huingia damuni, na kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo wa kuifungulia sukari mlango wa chembe. Lakini misuli ifanyapo kazi hufungua njia nyingine, ikavuta sukari hata bila kungojea ufunguo ule. Mtu akaaye kitini mchana kutwa na kula kupita kiasi, chembe zake aghalabu huwa nzito kuitikia insulini. Sukari hubaki damuni, nayo mwishowe huharibu macho, figo na mishipa. Hivyo ndivyo kisukari cha aina ya pili kinavyowaanza watu wengi.

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitoa habari za watumishi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Madereva walikaa kutwa. Makondakta walipanda na kushuka ngazi. Ilionekana kwamba makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva.

Huenda mzee mmoja akasema, “Hayo ni ya vijana.” Hasha! Mwaka 1990 wataalamu wa Boston walitoa habari za wazee 10 dhaifu, wenye umri wa miaka 86 hata 96, waliozoezwa kuinua uzito kwa miguu muda wa majuma 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya mara mbili.

Sasa tuwatazame watu wawili. Wa kwanza ni mkulima alimaye tangu alfajiri kwa ugali mtupu na chai. Kazi anayo, lakini chembe zake hazina cha kujengea. Wa pili ni karani alaye nyama kila siku, atokaye kitini na kuingia garini. Cha kujengea anacho, lakini chembe zake hazina kazi. Mkulima humhusudu karani, na wote wawili wana kasia moja moja.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima afanye kazi ya viungo ya wastani dakika 150 au zaidi kwa juma, yaani kama nusu saa kwa siku 5, na siku 2 azoeze misuli kwa nguvu. Watoto wapate dakika 60 kila siku. Kutembea kwa haraka, kulima na kuchota maji vyote vimo katika hesabu hiyo. Asiyezoea aanze kidogo kidogo, na mwenye maradhi amwulize daktari kwanza.

Basi, mwenye jembe na aongeze maharagwe na mboga katika sahani yake; mwenye kalamu na ashuke kituo kimoja kabla ya nyumbani, atembee. Haba na haba hujaza kibaba, na damu ya leo, baada ya siku 120, itakuwa karibu yote ni mpya. Shauri ni lenu mtaijenga kwa nini.