Misuli Inapolegea: Mazungumzo ya Afya kwa Wakazi wa Shauri Moyo



Shauri Moyo ni mtaa wa watu wa kazi: wabebaji mizigo wa Gikomba, mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wauza nyama wa Burma. Mtu wa kazi hizo akisema mwili umelegea, huambiwa apumzike. Mara nyingi hiyo yatosha. Lakini upo ugonjwa uitwao mayositisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia misuli ya mwili huo huo. Hauambukizi, wala si wa kurogwa.

Uchovu wa kazi huuma, kisha huisha baada ya siku chache. Mayositisi huja polepole kwa wiki au miezi, pande zote mbili za mwili, na huenda isiume sana. Mgonjwa hushindwa kupanda ngazi, kuchana nywele au kuanika nguo. Wengine hutokwa na upele kwenye kope na juu ya vifundo vya vidole. Akianza kupaliwa na chakula au kuishiwa pumzi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari hupima nguvu za mabega na mapaja, kisha damu, akitafuta kimeng'enya kiitwacho kreatini kinase. Kazi nzito na sindano ya msuli pia hupandisha kipimo hicho. Kwa hivyo mgonjwa aeleze kazi yake na dawa anazotumia, hasa za kolesteroli, kwani baadhi huumiza misuli. Katika hospitali ya rufaa, umeme wa misuli hupimwa na kipande kidogo cha msuli huchunguzwa kwa darubini.

Matibabu huanza na prednisoloni, na mara nyingi huongezwa methotreksati au azathioprini. Nguvu hurudi kwa miezi, si kwa siku, na mazoezi yanayosimamiwa husaidia. Mtu mzima mwenye upele huchunguzwa saratani pia.

Tafadhali, msijinunulie prednisoloni dukani. Huficha ugonjwa kabla haujapimwa, na aliyeitumia kwa muda akiiacha ghafla huweza kuzidiwa.

Jaribuni leo nyumbani: mtu aketi kitini, akunje mikono kifuani, ainuke. Aliyekuwa akiweza na sasa hawezi, asingoje. Amwone mhudumu wa afya ya jamii au aende kituo cha afya kilicho karibu.