Kabla ya Kuchimba Kidimbwi cha Samaki, Tupige Hesabu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kapseret)



Tangu mvua zianze nimepokea barua za vikundi vitatu, na zote zinasema jambo moja. Vinataka kutoa akiba ya chama, ile ya shilingi hamsini hamsini ya kila wiki, vichimbe kidimbwi cha samaki. Mama mmoja aliniambia, "Sisi tumechoka na kuku, wanakufa. Samaki hawaugui mdondo." Tulicheka. Lakini jambo lenyewe si la kucheka, kwa sababu hiyo akiba ndiyo karo ya mtu, na ndiyo dawa ya mtoto.

Sikuja kuwakataza. Kufuga samaki ni kazi nzuri, na hapa kwetu inawezekana. Nimekuja tupige hesabu pamoja kabla jembe halijagusa udongo.

1. Kosa langu mimi mwenyewe

Nianze na aibu yangu. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi, 200 katika kila eneo bunge, katika maeneo bunge 140. Kila kidimbwi kilikuwa cha mita za mraba 300. Mnakumbuka jinsi nchi nzima ilivyozungumza samaki. Kikundi kimoja nilichokuwa nikihudumia hakikuwa katika mpango huo, lakini wakawaona wengine, nao wakataka chao. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni juzi na diploma yangu, nina moto. Nikawaambia, "Chimbeni!" Wakachimba kwa mikono, watu 22, wiki tano.

Sikuwauliza samaki watakula nini, wala watauzwa wapi, wala shamba ni la nani. Tuliweka vifaranga mchanganyiko, dume na jike. Wakazaana mpaka kidimbwi kikajaa visamaki vya ukubwa wa kidole, vinang'ang'ania chakula. Siku ya kuvua, wanachama walichukua kwa deni, "nitalipa mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi huo haujafika mpaka leo. Halafu mzee mwenye shamba akafariki, wanawe wakagawa ploti, na kidimbwi kikafukiwa. Watu 22, wiki tano za jembe. Mmoja wao bado hukutana nami stejini na kuniuliza, "Samaki wetu wako wapi?" Anatania, lakini mimi hunichoma.

Basi haya nitakayosema, nimeyalipia ada.

2. Samaki anakula nini?

Hebu kwanza twende pwani kidogo. Kule Gazi, wilaya ya zamani ya Kwale, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya imefanya majaribio ya kufuga chaza. Chaza ni mnyama wa baharini mwenye gamba gumu, hujishika kwenye mawe na mizizi ya mikoko. Mfugaji humweka kwenye vikapu au kwenye vichanja ndani ya maji, basi. Chaza huvuta maji, huchuja vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, akashiba. Mfugaji hanunui hata kilo moja ya chakula. Kazi yake ni kungoja, kusafisha vikapu, na kuomba maji yasichafuliwe, maana chaza akichuja uchafu, mlaji ndiye anayeugua.

Sasa tilapia wetu yuko katikati. Naye hula kile kijani cha maji, lakini kijani peke yake hakimtoshi akiwa wengi mahali padogo. Ni kama ng'ombe: majani atakula, lakini ukitaka maziwa ya kuuza utampa na chakula cha ziada. Kwa mfugaji wa samaki chakula hicho huchukua zaidi ya nusu ya gharama zote. Hapo ndipo vikundi vingi vinaangukia. Wanatafuta pesa ya kuchimba, wanasahau pesa ya kulisha.

Ili upate kilo moja ya samaki, utatumia kama kilo moja na nusu hadi mbili za chakula. Shikeni hesabu hiyo. Tutairudia.

Kijani chenyewe kinatengenezwa. Mwaga chokaa kwenye kidimbwi kikavu, jaza maji, kisha ning'iniza gunia la samadi pembeni. Baada ya wiki moja au mbili maji yatakuwa ya kijani. Kipimo ni mkono wako: uzamishe mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwiko, kijani kinatosha. Kikipotea mapema, samadi imezidi, toa gunia. Na ukiona samaki wako juu alfajiri wanahema midomo wazi, maji yamekosa hewa. Usiwalishe, ondoa samadi na uingize maji mapya upesi.

3. Baridi yetu

Jambo hili vitabu vingi havilisemi vizuri, kwa sababu viliandikwa kwa watu wa mahali pa joto. Tilapia anapenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20, anakula kidogo na anakua polepole. Sisi tuko juu, mita kama 2,100 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ya Julai hapa Kapseret hata sisi wenyewe hatutaki kutoka kitandani.

Kwa hiyo samaki ambaye kule Kisumu atakuwa tayari kwa miezi 6 hadi 8, huku mpe 9 au 10, au hata mwaka. Mtu akiwaambia mtavuna mara mbili kwa mwaka, mwambieni aje alale hapa mwezi wa saba.

Lakini tunaweza kujisaidia:

- Chimba mahali pa jua, mbali na kivuli cha miti.
- Usiache maji ya mto yapite ndani mchana na usiku. Yanaleta baridi na kuondoa kijani. Jaza, funga, ongeza tu yanapopungua.
- Weka vifaranga baridi ikiisha, ili wapate joto la Desemba hadi Machi wakiwa wanakua.
- Nunua vifaranga vya dume tupu kutoka mahali panapojulikana. Dume hukua haraka kuliko jike, na hamtajaza kidimbwi watoto. Wengine huongeza kambare wachache, ambao watakula vitoto vikitokea. Lakini waingizwe tilapia wakiwa wamekua, la sivyo watawala hao hao.

Kabla ya yote pimeni udongo. Chimba shimo la kina cha kiuno, lijaze maji jioni, lifunike kwa majani. Asubuhi ukikuta maji yameondoka, udongo huo hauna mfinyanzi wa kutosha. Usilazimishe. Na mkichukua maji mtoni, ulizeni kwanza kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, msije mkafukuzwa wakati samaki wako ndani.

4. Hesabu yenyewe

Sasa toeni kalamu. Bei nitakazotaja ni za mfano. Nyinyi mtaweka bei ya siku yenu.

Kidimbwi cha mita za mraba 300, samaki watatu kila mita: vifaranga 900. Tuseme kimoja ni shilingi 10. Hiyo ni 9,000.

Wengine watakufa, wengine wataliwa na mdiria na fisi maji. Tuseme wamebaki 700, kila mmoja robo kilo. Hiyo ni kilo 175.

Chakula: kwa sababu mmetengeneza kijani vizuri, mmetumia kilo 300. Kwa shilingi 130 kwa kilo, ni 39,000.

Chokaa, kukodi wavu, na vitu vidogo vidogo: 4,000.

Gharama zote: 52,000. Na hapo hatujalipa jasho la kuchimba wala mlinzi.

Mauzo: kilo 175 kwa shilingi 400 ni 70,000.

Faida: shilingi 18,000.

Kikundi chenu kina watu wangapi? Ishirini. Gawanya. Kila mtu shilingi 900, baada ya mwaka mzima. Mbona mmenyamaza?

Ngojeni, haijaisha. Robo ya samaki ichukuliwe na wanachama kwa deni lisilolipwa. Mmepoteza 17,500. Inabaki shilingi 500. Gawanya kwa watu 20: shilingi 25 kila mtu. Ndugu zangu, kilichoua kidimbwi chetu cha kwanza si ugonjwa wala baridi peke yake. Ni neno "niandikie."

5. Basi tufanyeje?

Hesabu hiyo haisemi tusifuge. Inasema tusifuge kwa mtindo wa watu ishirini kuzunguka shimo moja.

Kwanza, kikundi kiwe mama, si mfugaji. Watu wanne au watano wenye maji na nafasi wafuge, kila mmoja kwake au kwa pamoja wachache. Kikundi kiwakopeshe kutoka akiba kwa maandishi, kinunue chakula na vifaranga kwa jumla ili bei ipungue, na kiwe na wavu mmoja wa kuazimana. Faida ile ile ya 18,000 kwa watu watano ni 3,600 kila mmoja. Na samaki wakiwa nyuma ya nyumba ya mtu, analala sikio moja likiwa macho.

Pili, kidimbwi kisikae peke yake. Maji yake ya kijani ni mbolea. Mkiyamwaga kwenye sukuma wiki na managu, mtaona wenyewe. Banda la kuku likiwa karibu, samadi iko karibu. Mara nyingi mboga za kando ya kidimbwi ndizo huleta pesa ya kununua chakula cha samaki.

Tatu, tafuteni mnunuzi kabla ya kifaranga. Wengi wetu hapa tumelelewa na maziwa na nyama, na bado kuna mzee asiyetaka samaki aingie jikoni kwake. Mjini Eldoret wanunuzi wapo, lakini mtashindana na samaki wa ziwani na wale walioganda wanaotoka China. Wao wana bei. Nyinyi mna samaki aliyetoka majini asubuhi ileile. Nendeni mwezi mmoja kabla, mkaulize hoteli na akina mama wauzaji wanataka ukubwa gani na siku gani. Vueni kiasi hicho tu, wengine waendelee kukua. Na wa kupika nyumbani wahesabiwe pia. Mtoto anayekula samaki mara moja kwa wiki ni faida, ingawa haiingii kwenye daftari la mweka hazina.

Nne, shamba. Mnajua jinsi ardhi inavyokatwa ploti huku kwetu tangu mji utusogelee. Msichimbe kwa neno la mdomo. Andikeni mkataba, mwenye shamba atie sahihi, na mkewe na wanawe wakubwa watie pia, mzee wa mtaa akiwa shahidi. Useme miaka mingapi, na mwenyewe akifariki au akiuza itakuwaje. Najua ni vigumu kumwambia mzee, "Je, ukifa?" Mwambieni ni mimi niliyewatuma.

Tano, uzio. Kidimbwi bila uzio kinaweza kuchukua mtoto kwa dakika moja. Kama hamna pesa ya uzio, hamna pesa ya kidimbwi.

6. Mahali pa kuuliza

Ofisi ya uvuvi ya kaunti ina maafisa. Kazi yao ni kuja kuona shamba. Na Chuo Kikuu cha Eldoret kiko hapa karibu, kule Chepkoilel, kina wataalamu wa samaki. Tumeni watu wawili, mwanamke na mwanamume, waende waone kwa macho na warudi na majibu. Nauli ya watu wawili ni ndogo kuliko kidimbwi kilichokauka.

Nimalizie. Vile vikundi vitatu vilivyoniandikia, siwapi ndiyo wala hapana. Akiba ni yenu. Rudini kwa wenzenu na hesabu hii, muweke bei za kweli, na muisome mbele ya kila mwanachama, hata yule asiyejua kusoma. Mkiona bado inalipa, niiteni siku ya kuchimba. Nitakuja na jembe langu. Nina deni la wiki tano.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Samaki wetu watakula nini kila siku kwa miezi kumi, na pesa hiyo iko wapi sasa hivi?
2. Ni nani ameahidi kununua, kwa bei gani, na ukubwa gani?
3. Mwanachama akitaka samaki kwa deni, tutamjibu nini? Nani atakuwa na ujasiri wa kumjibu?
4. Shamba likiuzwa kesho, kikundi kitabaki na nini?