Kutengeneza Urwagwa Kidogo Kidogo: Maneno ya Katibu kwa Wanaushirika



Maneno haya niliyasema mkutanoni, na waliokosa wameomba niyabandike ukutani. Mwandiko wangu mnaujua, ni wa kisomo cha watu wazima, basi someaneni polepole.

Wengi mnataka kujifunza kutengeneza urwagwa nyumbani, ile pombe ya ndizi ambayo wenzetu Wahaya huiita rubisi. Nasema hivi: anza na mkungu mmoja. Mimi nilianza na mtumbwi mzima, mikungu kumi na miwili, kwa harusi ya mpwa wangu. Mtumbwi ulikuwa na mabaki ya zamani kwenye nyufa, mimi nikasuuza tu juujuu. Siku ya harusi tukafunua siki. Ndizi nyingine nilikuwa nimekopa, na deni lile nililipa kwa maharage misimu miwili. Mkungu mmoja ukiharibika unamwaga, unaosha chombo, unaanza tena.

Ndizi ziwe za pombe, zilizokomaa. Chimba shimo, lipashe moto, tandika majani ya mgomba, panga ndizi, funika kwa majani na udongo. Baada ya siku nne au tano zinakuwa zimeiva. Zilizobaki ngumu ziweke kando, hazitoi maji. Menya, kisha kanda pamoja na nyasi safi mpaka maji yatoke, halafu chuja. Hapo watoto wapewe sehemu yao, maana bado ni tamu tu. Maji ya kuongeza yawe yamechemshwa yakapoa. Kwa ndoo ya lita 20 mimi natia kilo moja na nusu ya unga wa mtama uliokaangwa. Funika kwa majani ya mgomba mahali penye joto, kesho yake chuja. Usiikaze kwenye chupa, inachemka bado na chupa itapasuka. Ukikaa siku tatu nne unageuka mchachu, ndiyo sababu nyingine ya kutengeneza kidogo.

Sasa unga. Mwezi wa Januari 2015 huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Mwanzoni walisema ni nyongo ya mamba. Wataalamu walipopima wakakuta sumu ya bakteria iliyotokana na unga wa mahindi ulioharibika. Sumu ile haiondoki hata ukichemsha. Kwa hiyo unga ulioloa au wenye ukungu usiseme "si wa pombe tu huu". Mwaga! Na madumu yaliyokuwa na dawa ya shamba hayaoshwi yakafaa, wala ndoo za bati zisitumike, uchachu unakula bati.

Jambo la pili ni panga. Mnyauko wa migomba uliingia mkoa wetu wa Kagera miaka ya 2005 na 2006, na ndizi za pombe unazipenda mno. Mtu anakuja kununua mikungu, anakata kwako, anakata kwa jirani, panga lilelile. Ukiona majani yananyauka yakiwa manjano, au ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani ni za kahawia, usiuze, usitie shimoni. Toa taarifa, shina ling'olewe. Ua la chini ya mkungu livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Na panga lipitishwe motoni kabla ya kwenda shamba jingine. Wengine wanaona ni usumbufu. Shamba likiisha tutakamua nini?

Habari ya gongo msiniulize. Kuichemsha bila leseni ni kosa, na hata urwagwa ukitaka kuuza, fuata leseni kwanza.

Jumamosi saa mbili asubuhi tutafungua shimo nyuma ya ghala la ushirika, mkungu mmoja tu. Kila mtu aje na kisu chake na daftari, aandike siku, vipimo na ladha ilivyokuwa. Asiyejua kuandika akae karibu na mimi.

Katibu