Sauti kwa Uwakili

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama



Katika neema alizopewa mwanadamu, sauti ni moja ambayo mwenyewe haikumbuki mpaka siku itakapomponyoka. Seremala akivunjikiwa na msumeno hununua mwingine. Mwimbaji akipotewa na sauti hana duka la kuiendea. Swali linalostahili kupimwa leo ni hili: mtu ambaye riziki yake, jina lake na furaha yake vyote vilikuwa kooni mwake, koo likimgomea, amebakiwa na nini?

Jibu moja limo katika maisha ya bibi mmoja wa Uingereza, Linda Thompson. Alizaliwa London mwaka 1947, akakulia Glasgow, huko Scotland. Mwaka 1972 aliolewa na Richard Thompson, mtunzi na mpiga gitaa aliyekwisha kujulikana katika kundi la Fairport Convention, na mwaka 1974 ikatoka santuri yao ya kwanza ya pamoja, I Want to See the Bright Lights Tonight. Katika miaka hiyo wote wawili waliingia katika Uislamu kwa njia ya Tasawwuf. Santuri yao ya mwaka 1975, Pour Down Like Silver, ina picha zao, mume kavaa kilemba na mke kajitanda mtandio. Kisha waliuweka muziki kando kwa muda, wakaishi na wenzao wa tarika. Baadaye bibi huyu alitoka katika jumuiya ile, na amekwisha kueleza kwamba maisha ya humo yalimwia mazito. Jambo hili latajwa kwa kuwa ni sehemu ya habari zake, wala halitajwi kwa kumdai.

Ni katika miaka hiyo hiyo ya 1970 ndipo dalili za kwanza za maradhi yake zilipoanza. Ndani ya koo la kila mtu mna nyuzi mbili za sauti, na mwanamke anapozungumza nyuzi hizo hutetema kiasi cha mara 200 kwa kila sekunde moja. Lakini yako maradhi, katika jamii ya yale ambayo madaktari huyaita disfonia, ambayo humfanya mgonjwa akusudie kusema au kuimba, na misuli ya koo ikajikaza yenyewe bila ya amri yake. Neno hukatika katikati, au hutoka limebanwa kama la mtu aliyekabwa. Pengine siku moja hutoka vizuri, na siku ya pili halitoki kabisa. Kwa hiyo mgonjwa hupanda jukwaani asijue kama leo atapewa au atanyimwa.

Zamani hata madaktari wengi walidhani kwamba maradhi haya ni ya moyo wenye hofu tu, na mgonjwa akaambiwa ajikaze. Siku hizi imejulikana kwamba asili yake ni katika ubongo, mahali panapotawala mwendo wa misuli ile. Tiba ya kuyaondoa moja kwa moja haijapatikana. Tangu miaka ya 1980 madaktari wamekuwa wakipiga sindano ya dawa iitwayo botulini katika misuli ya koo ili ilegee. Nafuu yake hudumu kwa miezi michache, kisha sindano hurudiwa.

Bibi Linda na mumewe walitengana mwaka 1982, mwaka ule ule ilipotoka santuri yao ya mwisho, Shoot Out the Lights. Yeye peke yake akatoa One Clear Moment mwaka 1985. Baada ya hapo sauti ilizidi kumtoroka, na ikapita miaka 17 bila ya albamu mpya. Mwaka 2002 alirudi na Fashionably Late, akisaidiwa na mwanawe Teddy, ambaye naye ni mwimbaji na mtunzi. Zikafuata Versatile Heart mwaka 2007 na Won't Be Long Now mwaka 2013. Hata hivyo maradhi hayakuwa yamekwisha. Yalikuwa yakimwacha na kumrudia, mpaka uimbaji ukawa haumkiniki tena.

Hapo watu wengi wangalisema: basi, yamekwisha. Yeye, hali amekwisha kupita umri wa miaka 70, alikaa akatunga. Mwaka 2024 ikatoka albamu ya nyimbo alizozitunga, nyingi kwa kushirikiana na Teddy, naye akawakabidhi wengine waziimbe: Teddy mwenyewe, binti yake Kami, Rufus Wainwright na dada yake Martha, Eliza Carthy, The Proclaimers na wengineo. Aliiita Proxy Music, yaani muziki kwa njia ya uwakili.

Maana ya uwakili haihitaji kufafanuliwa mbele ya mkutano huu. Baba aliye safarini humweka wakili akamwozea binti yake, na ndoa ikawa sahihi. Mwenye mali humtuma mtu sokoni, na mauzo yakawa yake yeye aliyetuma. Lakini yako mambo yasiyowakilishwa: hapana mtu awezaye kumsalia mwenziwe sala yake ya alfajiri. Kwa bibi huyu mpaka ulikuwa vivyo hivyo. Kuimba kuliwezekana kuwakilishwa, kutunga hakukuwezekana. Ilimpasa akae na maneno yake mwenyewe, ayapime na kuyachagua, ndipo awe na cha kumkabidhi wakili.

Wala jambo hili si geni katika pwani yetu. Mwana Kupona binti Msham alipoutunga utendi wake mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, naye alimtungia binti yake. Tangu afariki dunia ni zaidi ya karne moja na nusu, na utendi ule ungali ukisomwa kwa sauti za wanawake asiopata kuwaona. Na tangu kale mtunzi na msomaji wa tungo waweza kuwa watu wawili, kila mmoja na heshima yake. Juu ya hayo yote uko mfano ulio mkubwa zaidi: Nabii Musa, alayhi salaam, alipotumwa kwa Firauni, alimwomba Mola wake ampe nduguye Harun awe msaidizi wake, kwa kuwa Harun alikuwa fasaha zaidi wa ulimi. Kuomba ulimi wa ndugu hakukumpunguzia Musa cheo chake.

Lakini uwakili hauwi ila kwa watu wawili. Lau watoto wake na wenziwe wangalikataa, tungo za Bibi Linda zingalibaki karatasini. Hapa ndipo habari ya mwimbaji wa mbali inapofika mlangoni mwa kila mmoja. Katika kila mji yuko mwalimu wa chuo aliyekaukiwa na sauti kwa miaka ya kusomesha, au mwadhini mzee ambaye koo limemchoka, au mama aliyepooza ulimi. Mara nyingi watu humwonea huruma, kisha humwacha. Wengine husema amepatwa na jicho baya, au anajisingizia. Ajue kila mtu kwamba sauti ikikwaruza kwa zaidi ya majuma matatu au manne, mahali pa kwenda ni kwa daktari, kwani sababu zake ni nyingi, na nyingine hutibika zikiwahiwa.

Na ile isiyotibika, mwenye nayo aulizwe ana nini cha kusema. Mwalimu asiyeweza kusoma kwa sauti angali aweza kusikiliza na kusahihisha, na mwanafunzi mmoja akawa ulimi wake mbele ya wenziwe. Mama asiyeweza kusimulia aweza kuandika, au kuonyesha kwa ishara, na mjukuu akasoma. Hasara kubwa kuliko kupotea kwa sauti ni kupotea kwa maneno yaliyokuwa yakingoja kusemwa, na hasara hiyo huletwa na majirani kuliko maradhi.

Wabillahi taufiki.